Waranti ya Mashine ya Kukata Nyasi Ikikataliwa: Nani Anadaiwa Ushahidi?

Mashine imezimika katikati ya kazi na haikuwaka tena. Ukaipeleka kituo cha huduma ikiwa bado ndani ya waranti, ukasubiri wiki kadhaa, kisha likaja jibu la mstari mmoja: "Ombi limekataliwa. Matumizi yasiyo sahihi." Hakuna picha, hakuna kipimo, hakuna kifungu kilichotajwa. Wengi huishia hapo wakalipa huku wakinung'unika. Wengine hugomba kwenye simu hadi sauti inakauka, na mwishowe nao hulipa.

Hayo maneno "matumizi yasiyo sahihi" si hukumu, ni dai. Aliyeyaandika anasema kwamba kuna jambo ulilolifanya, au uliloacha kulifanya, na kwamba jambo hilo ndilo lililovunja kifaa fulani. Ili dai hilo lisimame, lazima liseme kifaa gani kimeharibika, kimeharibiwa na nini, na ni kifungu gani cha waranti kinachokitenga kisababishi hicho. Majibu mengi ya kukataa hutaja moja tu kati ya hayo. Kwa hiyo usikimbilie kujitetea kwa kitu ambacho hujaambiwa. Kwanza mtake aliyekukatalia amalizie sentensi yake, kwa maandishi.

Unayemdai ni nani

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo. Mteja huona duka, jina lililopakwa kwenye mashine na fundi mwenye sare, akadhani ni mtu mmoja. Sivyo. Muuzaji ndiye uliyefanya naye mkataba wa kununua. Kiwanda ndicho kilichotoa ahadi ya waranti kwa hiari yake. Kituo cha huduma ni wakala anayefanya kazi kwa niaba ya kiwanda na kulipwa nacho kwa kila ombi linalokubaliwa. Na mara nyingi yuko wa nne: aliyetengeneza injini. Mashine nyingi za petroli hubeba injini ya kampuni nyingine, kama Briggs & Stratton, na injini hiyo huja na waranti yake, muda wake na vituo vyake. Umeahidiwa miaka kadhaa kwenye kasha la mashine, kumbe ahadi hiyo ni ya bodi, magurudumu na mpini; injini ina karatasi nyingine ambayo hukuisoma. Kwenye mashine za betri ni vivyo hivyo, kwani betri na chaja mara nyingi hupewa muda mfupi kuliko mashine yenyewe.

Basi kabla ya kuandika chochote, tandaza karatasi zote mezani. Huenda aliyekukatalia si yeye unayemdai kabisa.

Jambo la pili, na hili huwaponyoka hata watu makini: waranti ya kiwanda siyo haki yako yote. Katika nchi nyingi sheria ya mauzo inamtaka muuzaji auze kitu chenye ubora wa kuridhisha na kinachoifaa kazi yake, iwe kiwanda kimetoa waranti au hakikutoa. Uingereza, kwa mfano, Sheria ya Haki za Mtumiaji ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukirudisha kitu kibovu na kurudishiwa fedha zote. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita, inahesabiwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya kuuzwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Umoja wa Ulaya, kupitia Agizo la 2019/771, unamfanya muuzaji awajibike kwa muda usiopungua miaka miwili, na ndani ya mwaka wa kwanza mzigo wa kuthibitisha uko kwake. Yaani huko mteja anayeambiwa "umeitumia vibaya" katika mwezi wa nne tangu anunue ana jibu fupi sana la kumpa muuzaji: nionyeshe.

Haki hizi, hata hivyo, hulenga mtu anayenunua kwa matumizi yake. Ukinunua kwa jina la biashara, au ukiitumia mashine ya nyumbani kukatia watu nyasi kwa malipo, mambo hubadilika. Viwanda vingi huipunguza waranti kwa matumizi ya kibiashara, wakati mwingine hadi siku 90. Kama fundi ameona mashine imechoka kuliko umri wake, hilo ndilo atakalolishika kwanza. Sikushauri udanganye, nakushauri ujue mapema umesimama upande gani.

Mashine inasema nini

Uzuri wa injini ndogo ni kwamba hufa ikiacha alama, na kila kisababishi kina alama zake. Fundi mzoefu huzisoma kama mtu asomaye nyayo kwenye mchanga. Ukizijua kidogo, utaweza kuuliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa mstari mmoja.

Chukua lile la oili, maana ndilo linalotajwa zaidi injini inapovunjika ndani. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti (mhimili mkuu wa injini, unaozungusha kisu), umekatika. Ripoti inasema: "Iliendeshwa bila oili." Ikiwa ni kweli, patakuwa na joto lililoacha rangi. Eneo ambapo konrodi inashika krenkishafti litakuwa limeungua, jeusi au la buluu, na aluminiamu ya konrodi itakuwa imejipaka kwenye chuma cha krenkishafti. Ikiwa sehemu hiyo ni safi na inang'aa, na konrodi imekatika bila dalili ya kuungua, hadithi ya ukosefu wa oili inaanza kuyumba. Yawezekana boliti za konrodi zililegea, au injini ilizunguka kupita kiasi kwa sababu gavana, kile kidhibiti mwendo, haikufanya kazi. Hapo swali linakuwa: nani aliigusa gavana? Kama ni wewe, pole. Kama haijaguswa tangu ilipotoka kiwandani, lawama inarudi ilikotoka.

Na hata alama za joto zikiwepo, mazungumzo hayajaisha. Injini ya mashine ya kusukuma kwa mkono hubeba kama nusu lita tu ya oili, au zaidi kidogo. Kiasi hicho kinaweza kuvujia kwenye sili mbovu, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke, kikaisha bila kuchelewa. Kwa hiyo "hapakuwa na oili" na "mteja hakuweka oili" ni kauli mbili tofauti. Uliza oili ilienda wapi. Je, chini ya injini, karibu na kisu, kuna utando wa oili na vumbi lililogandamana? Sili ilikaguliwa? Kosa kubwa katika ripoti nyingi ni hili la kusimama kwenye kisababishi cha kwanza na kutouliza kilisababishwa na nini.

Vumbi ni kesi nyingine yenye utamu wake. Likipenya kwenye silinda hufanya kazi ya msasa: ringi za pistoni huisha na ile mistari ya kukatizana iliyochorwa kiwandani kwenye ukuta wa silinda hufutika. Ripoti itasema hukusafisha kichujio cha hewa. Basi omba picha za njia yote ya hewa, kuanzia kwenye kichujio hadi kwenye kabureta, panapochanganywa petroli na hewa. Vumbi lililopita huacha mkondo unaoonekana. Mkondo ukianzia kwenye kichujio kilichochanika au kilichowekwa vibaya, hilo ni lako. Ukianzia baada ya kichujio, kwenye gasketi (kile kizibo bapa cha maungio) iliyopasuka au isiyokaa sawa, hapo kichujio hata kingebadilishwa kila siku kisingesaidia.

Kisu kugonga jiwe au kisiki nako hutengwa na karibu kila waranti, na kwa haki. Krenkishafti hupinda, mashine ikatetemeka kama ina homa. Au hukatika kile kipande kidogo cha metali kinachoishika flaiwili, gurudumu zito la injini, mahali pake, cheche ikaanza kupiga wakati usio wake, injini ikakataa kuwaka. Lakini pigo la namna hiyo lisingekosa kuacha jeraha kwenye kisu chenyewe. Omba picha ya makali yake. Kama kisu hakina hata pengo, na krenkishafti ilipopimwa haikuonekana kupinda, basi uliza kama nati ya flaiwili ilikuwa imekazwa kwa kiwango kinachotakiwa, kwa sababu kipande kile hukatika pia flaiwili inapolegea.

Petroli iliyochacha, kwa upande mwingine, ni vita ambavyo kwa kawaida nisingepigana. Petroli ikikaa kwenye tangi miezi kadhaa hupoteza nguvu na kuacha utando wa kunata unaoziba matundu ya kabureta. Yenye ethanoli, ile pombe inayochanganywa na petroli, huvuta maji pia, na vitabu vingi vya maelekezo haviruhusu ethanoli izidi asilimia 10. Waranti karibu zote huitenga, na kusafisha kabureta ni kazi ndogo. Isipokuwa mashine ni mpya kabisa na ilikusumbua tangu siku ya kwanza, lipa, badilisha petroli, okoa pumzi yako kwa jambo kubwa zaidi.

Mashine za betri hazina oili wala kabureta, ila zina kumbukumbu. Betri nyingi za lithiamu zina saketi inayozisimamia, na baadhi huandika mara ngapi zimechajiwa na joto lilifika wapi. Roboti za kukata nyasi huandika zaidi ya hapo. Ukiambiwa betri imeharibiwa na maji au kwa kuachwa bila chaji muda mrefu, omba taarifa zilizosomwa kutoka kwenye kifaa chenyewe. Katika Umoja wa Ulaya, Sheria ya Data, iliyoanza kutumika Septemba 2025, inampa mtumiaji wa kifaa kilichounganishwa na mtandao haki ya kupata data zinazotokana na matumizi yake. Pale ambapo hakuna sheria kama hiyo, kuomba bado hakugharimu kitu, na kunyimwa kwenyewe ni jibu la kuweka kwenye faili.

"Hukuihudumia kwetu"

Sababu hii ina makala yake peke yake, lakini nitaigusa kwa ufupi. Kampuni nyingi hudokeza kwamba waranti hufa ukibadilisha oili mwenyewe au ukiweka kichujio cha jina lingine. Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inakataza waranti ya mtumiaji kufungwa kwenye vipuri au huduma ya chapa fulani, isipokuwa vitolewe bure au FTC, tume ya serikali kuu inayosimamia biashara na kulinda watumiaji, iwe imeruhusu. Kampuni inaweza kukataa ombi ikionyesha kwamba kipuri kile cha nje ndicho kilicholeta uharibifu. Haiwezi kukataa kwa sababu tu kimekutwa hapo. Mwaka 2022 tume hiyo ilizichukulia hatua Harley-Davidson, Weber na MWE Investments, inayouza jenereta za jina la Westinghouse, kwa masharti ya aina hii, na zikatakiwa kuyaondoa.

Huko huko Marekani kuna waranti nyingine isiyosomwa na watu: ile ya udhibiti wa moshi. Sheria za mazingira zinataka injini ndogo ziwe nayo kwa angalau miaka miwili kwa kawaida, na inagusa sehemu za mfumo wa mafuta na wa cheche, kabureta ikiwemo. Mtu anaweza kukataliwa chini ya waranti ya kawaida kumbe kipuri kilekile kimo kwenye ukurasa wa nyuma wa kitabu chake.

Hata hivyo, haki ya kuihudumia mashine mwenyewe haikuondolei wajibu wa kuonyesha kwamba uliihudumia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ya oili, picha ya kichujio kipya yenye tarehe, mstari mmoja kwenye daftari kwamba oili ilibadilishwa baada ya saa 50 za kazi: vitu vidogo kama hivi ndivyo humfanya mkaguzi asite. Kama huna, usivitunge. Sema ulichofanya, kadiri unavyokumbuka, na uelekeze mazungumzo kwenye alama za mashine.

Kuandika, na kuilinda mashine

Simu ni nzuri kwa kupanga miadi tu. Baada ya kukataliwa, kila kitu kiende kwa barua au barua pepe, na mazungumzo ya simu uyafuatishe siku hiyo hiyo na ujumbe: "Kama tulivyozungumza leo, umeniambia kwamba..." Kichwa cha barua kitaje modeli, namba ya mashine, namba ya injini ikiwa ni tofauti, tarehe ya kununua na tarehe uliyoripoti tatizo mara ya kwanza. Hiyo ya mwisho ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ombi hupimwa kwa siku lilipotolewa. Waranti ikiisha wakati mashine iko kwa fundi, haikufi mkononi, mradi unaweza kuonyesha uliripoti kabla.

Mwili wa barua unaweza kuwa mfupi hivi:

"Nimepokea taarifa yenu ya kukataa ombi langu. Naomba mnijulishe kwa maandishi: ni kifaa gani kimeharibika, mmebaini kisababishi gani, na kwa vipimo au picha zipi, na ni kifungu kipi cha waranti mlichokitumia. Naomba pia nakala ya ripoti ya fundi na picha zote. Tafadhali msitupe kifaa chochote kilichofunguliwa, pamoja na oili na kisu, hadi suala hili litakapokwisha. Nitashukuru kupata majibu ndani ya siku 14."

Hakuna tusi, hakuna tishio, hakuna historia ya jinsi ulivyoipenda kampuni hiyo tangu utotoni. Barua ya hasira humpa msomaji kisingizio cha kujibu hasira badala ya swali.

Ile sentensi ya kutotupa vifaa ndiyo yenye meno. Ushahidi wako wote uko kwenye mashine, na mashine iko mikononi mwa mtu ambaye jibu lake unalipinga. Injini ikishafunguliwa, ikasafishwa na kuungwa upya, alama za joto na mikondo ya vumbi zimekwenda na maji. Kwa hiyo usikubali itengenezwe kwa malipo yako kabla hujamaliza, hata kama unaihitaji. Kabla ya kutia sahihi ruhusa ya kuifungua injini, uliza ni nani atalipia ukaguzi endapo ombi litakataliwa. Ukiamua kuichukua, idai yote: kila boliti kwenye mfuko, na oili iliyomwagwa kwenye chupa. Watakushangaa. Waache washangae.

Kisha tafuta jicho la pili. Fundi huru wa injini ndogo, asiye na uhusiano na duka wala kiwanda, aikague na aandike alichokiona kwa lugha ya kawaida: sehemu, hali yake, kisababishi kinachoelekea kuwa cha kweli na kwa nini. Ukurasa mmoja wenye picha nne unatosha. Mwambie asikupendelee. Ripoti inayokiri kwamba kichujio kilikuwa kichafu lakini ikaeleza kwa nini uchafu huo hauwezi kukata konrodi, ina nguvu kuliko ile inayokusifu tangu mwanzo hadi mwisho. Na fundi huyo akikuambia kituo kilikuwa sahihi, umeokoa miezi ya mabishano kwa ada ya ukaguzi mmoja.

Ukiwa na ripoti, panda ngazi. Kituo cha huduma mara nyingi hakina mamlaka ya kubadili jibu; omba suala lipelekwe kwa mwakilishi wa kiwanda anayesimamia eneo hilo, au idara ya waranti yenyewe. Wakati huo huo mwandikie muuzaji chini ya sheria ya mauzo, barua tofauti, bila kuichanganya na ile ya kiwanda. Muuzaji atajaribu kukurudisha kiwandani. Mjibu kwamba dai la kiwandani linaendelea, na hili ni la kwake. Kama ulilipa kwa kadi, iulize benki kuhusu kupinga malipo, ila uliza mapema, kwa sababu muda wa kufanya hivyo hupita haraka. Baada ya hapo ndipo huja mamlaka ya kulinda watumiaji, msuluhishi, na mahakama ya madai madogo, ambayo kwa kawaida haihitaji wakili. Wengi hawafiki huko. Kampuni inayoona faili lililopangwa kwa tarehe, ripoti huru na kifungu kilichonukuliwa, hupiga hesabu ya gharama ya kuendelea kubishana dhidi ya gharama ya injini moja.

Matokeo ya hesabu hiyo mara nyingi ni nusu mkate: "Kwa nia njema tutatoa vipuri, wewe ulipe ufundi." Usiidharau ofa hiyo, wala usiipokee mbiombio. Kama ushahidi wako una pengo, kwa mfano huna kumbukumbu yoyote ya oili, nusu ni ushindi. Kama ripoti yako haina shaka, rudisha ofa na uombe yote. Lakini soma unachotia sahihi. Karatasi ya kupokea vipuri ikisema kwamba umemaliza madai yote kuhusu mashine hiyo, na injini mpya ikafa mwezi ujao, utakuwa umeuza zaidi ya ulichopewa. Omba iandikwe kwamba malipo hayo ni ya hitilafu hii tu, na waranti ya kipuri kipya ni ya muda gani.

Siku ya kuichukua, fika asubuhi injini ikiwa ya baridi. Mashine iliyopashwa moto kabla hujafika huwaka kwa kila mtu. Angalia oili kwa kijiti chake, iwashe mwenyewe, iache ikimbie dakika kumi mbele yao, kisha omba kadi ya kazi iliyoandikwa "matengenezo ya waranti", yenye vipuri vilivyobadilishwa na tarehe, kabla hujaipakia.